Mwalimu Nasirumbi Anakabidhi Blogu Moja, Hali Nzuri

Mwalimu Proscovia Nasirumbi anastaafu Ijumaa hii, tarehe 5 Desemba 2025, baada ya kufundisha Shule ya Msingi Mwangaza, hapa Masinya, mpakani upande wa Uganda, kwa miaka thelathini na minne na miezi kumi. Hesabu hiyo nimeifanya mwenyewe kutoka kwenye leja ya stoo, ambako sahihi yake ya kwanza ni ya Februari 1991: chaki boksi mbili, daftari la mahudhurio moja, ufagio mmoja. Ufagio aliurudisha. Tangu nianze kazi hii sijaona mwalimu mwingine aliyerudisha ufagio.

Wasifu huu ulikuwa uandikwe na mwalimu mkuu, Bwana Opendi. Alianza vizuri, akajaza ukurasa mzima kwa kuwasalimu wageni rasmi mmoja mmoja, na alipofika kwa Mwalimu Nasirumbi karatasi ilikuwa imekwisha. Ndipo kazi ikaja kwangu, Etyang, mtunza stoo na mpiga kengele. Shule mimi niliiacha darasa la sita, sifichi. Lakini dunia nimeisoma. Nimekuwa utingo wa malori mpaka Juba, mpaka Kigali, mpaka Mombasa, na nimelala kwenye mipaka ambayo ninyi mmeiona kwenye ramani tu. Walimu wa nchi tano nimewaona kwa macho yangu. Wa kumzidi huyu sijamwona, na mkiniletea nitamkagua mwenyewe.

Alikuja kwetu akiwa na miaka ishirini na mitano, mwembamba, na mwavuli mweusi uliomzidi kimo. Alipewa somo la Kiswahili, na huo ulikuwa mtihani, kwa sababu huku kwetu mpakani kila mtu aliamini anakijua. Si kila mtu aliweza kuvuka upande wa Kenya, akanunua nyanya, akatukana kidogo, akarudi salama? Mwalimu alitumia miaka yake mitano ya kwanza kutuonyesha kwamba kununua nyanya ni jambo moja, na kumaliza sentensi ni jambo lingine.

Kuchelewa hakujui. Leo acha nikiri mbele ya kamati na wazazi: saa ya ofisini ilikufa miaka kumi na miwili iliyopita. Kengele ya asubuhi nimekuwa nikiipiga ninapoona ule mwavuli ukipita kwenye mpera wa jirani. Afisa elimu aliwahi kunisifu kwa kwenda na wakati kuliko redio. Nilizipokea sifa zote.

Sasa tuje kwenye jambo lililomletea jina. Mwaka 2017 alikwenda Tororo kwenye mafunzo ya wiki mbili, akarudi na blogu. Alitueleza kwenye mkutano wa walimu kwamba darasa la sita litakuwa na ukurasa wake kwenye mtandao, ambapo masomo yatawekwa, insha za watoto zitasomwa, na wazazi wataweza kuandika maoni yao popote walipo. Bwana Opendi aliuliza kama itahitaji mlinzi. Mimi niliuliza itachukua rafu ngapi. Mwalimu akasema haikai mahali popote. Nikamwambia, mwalimu wangu, katika stoo hii hakuna kitu kisichokaa mahali. Nikafungua leja, nikaandika: Blogu, moja, mpya. Akatia sahihi huku akicheka mpaka miwani ikaanguka.

Wakaguzi walipokuja, walisoma leja mstari kwa mstari, wakataka kuiona. Mwalimu akafungua ile kompyuta moja ya shule, akawaonyesha insha ya mtoto kuhusu mdudu anayekula mihogo. Mkaguzi akaandika pembeni: Imeonekana. Walionicheka siku hiyo nawaomba wawe na subira, mwisho wa habari hii watanitafuta.

Nusu ya wazazi wetu wanashinda Busia upande wa Kenya wakichuuza. Mama Brian, yaani Aidah, anauza samaki wa kukaushwa huko. Anatoka nyumbani Brian hajaamka. Zamani alijua maendeleo ya mtoto wake mara moja kwa muhula, tena kwa mshtuko. Blogu ilipoanza, akawa anasoma kazi za Brian kwenye simu, katikati ya mteja na mteja. Insha ya kwanza aliyoisoma ilihusu jinsi mmea unavyojitengenezea chakula. Maoni yake yalikuwa haya: "Hongera baba. Na mbuzi umemfunga wapi?"

Hapo mlango ukafunguka. Chini ya somo la sehemu za sikio mzazi mmoja akaandika: "Resty, sketi iko kwenye kamba na mvua naiona inatoka huko kwenu." Chini ya hesabu za mafungu mwingine akaagiza maharage yalowekwe. Mwalimu mwingine angefuta yote. Mwalimu Nasirumbi aliweka sheria: mtoto akiulizwa na mzazi, ajibu hapo hapo, kwa sentensi kamili, na vituo vyake. Brian akajibu: "Mama mpendwa, mbuzi nimemfunga nyuma ya choo, penye kivuli na majani ya kutosha. Ni mimi mwanao mtiifu, Brian." Aidah aliwasomea wauza samaki wote wa mstari wake, na wawili kati yao wakawahamishia watoto wao kwetu. Kuhusu mbuzi, hajafungwa vibaya tena, maana ushahidi umeandikwa.

Mimi pia niliandika maoni, marefu, juu ya safari zangu za Juba. Akanisahihisha mahali kumi na saba mbele ya ulimwengu mzima. Nilinuna siku mbili. Ya tatu nikayaandika upya, na yamebaki makosa manne tu, ambayo nayapenda.

Corona ilipofunga shule, na mpaka nao ukafungwa, wengi walikaa kungoja. Yeye aliweka somo kila Jumatatu, karibu miaka miwili, bila kukosa. Watoto waliokwama upande wa Kenya walisoma huko huko. Wasio na simu aliwanakilia somo kwa mkono, nami nikayapeleka makaratasi kwa baiskeli na kuyabandika kwenye ukuta wa mashine ya kusaga. Basi watu wazima wakingoja unga wakaanza kufanya mazoezi ya darasa la sita, wakibishana, na mwenye mashine alilalamika kwamba wateja hawataki tena kuondoka. Shule ilipofunguliwa, shule nyingine zilipoteza watoto wengi. Darasa lake lilirudi lote, na mtu mzima mmoja juu.

Lakini najua mnangoja habari ya msiba. Haya.

Juni 2023 darasa lilikuwa linajifunza kuandika matangazo. Tangazo la mkutano, tangazo la kitu kilichopotea, na tangazo la kifo. Mwalimu ana imani moja: mtoto aandike juu ya mtu anayemjua, ndipo maneno yatakuwa na damu. Dorah, msichana makini sana, akamwandika babu yake, Mzee Okochi, ambaye ndiye mwenyekiti wa kamati ya shule yetu, na ambaye alikuwa mzima kabisa. Tangazo lilikuwa zuri kupita kiasi. Lilisema marehemu alikuwa mkali lakini mwenye huruma, kwamba hakuwahi kula kabla ya wageni, kwamba ameacha mjane, watoto sita, ng'ombe wawili, na ndugu yake mpendwa Bwire wa ng'ambo. Mazishi Jumamosi, nyumbani kwake. Mwalimu akampa kumi na tisa kwa ishirini, akaliweka kwenye blogu Ijumaa mchana, na juu kabisa akaandika ZOEZI. Alidhani mwenyekiti atafurahi kuona anavyopendwa.

Maloba wa bodaboda akalisoma akiwa anangoja abiria. Akalinakili kuanzia mstari wa pili, akalituma kwenye kundi la chama cha kuzikana. Basi. Mnatujua sisi. Huku mtu haulizi kwa simu nani amekufa na kwa nini. Anabeba kuni, anakwenda, maswali atauliza akiwa amekaa. Jumamosi asubuhi njia ya kwa Mzee Okochi ilikuwa imejaa kuni, sufuria na unga wa mihogo. Mimi mwenyewe, kwa uzoefu wangu wa misiba ya nchi tano, nilikuwa nimeshatoa mabenchi kumi ya shule bila kuombwa.

Mzee alikuwa ametoka tangu Alhamisi, amekwenda Mukuju kumwona mjukuu mchanga, na simu yake haikuwa na chaji. Mkewe alipoona kuni zinaingia uani, akaamini. Nani atabeba mzigo wa kuni kwa ajili ya uongo? Dorah alisema mara tatu kwamba lile ni zoezi la darasani. Wanawake wakaambiana kwamba uchungu umempanda mtoto kichwani, wakamfunika leso na kumkalisha kivulini.

Saa tano hivi Mzee Okochi akashuka njia panda. Akakuta akina mama wanapita na kuni. Kwa adabu aliyo nayo, akampokea bibi mmoja mzigo, akauweka begani, akauliza nani ametutoka. Bibi yule alitoka mbali, akamjibu kwamba ni mzee mmoja wa hapa, mkali lakini mwenye huruma, hakuwahi kula kabla ya wageni. Mzee akatikisa kichwa. "Watu wa namna hiyo," akasema, "wamebaki wachache." Akatembea nao hivyo, akisikitika, mpaka msafara ukakata kona na kuingia kwake. Hapo akadhani ni mkewe. Akatupa kuni, akakimbilia ndani akiita. Mkewe akamwona. Mkewe akakimbilia nje.

Yaliyofuata siwezi kuyaeleza kwa utaratibu, kwa sababu nami sikuwepo, nilikuwa tayari nimefika barabarani. Mabenchi sita yalivunjika. Mtu mmoja tu hakukimbia, Bwire, yule ndugu wa ng'ambo.

Hapa lazima nieleze. Mzee Okochi na mdogo wake Bwire walikuwa hawajasemeshana miaka tisa. Bwire aliazima fahali wa kaka yake kwa ajili ya kulima, akamrudisha na pembe moja. Okochi akasema ameivunja. Bwire akasema ilivunjika yenyewe. Hapo maneno yakaisha. Jina la Bwire lilikuwa halitajwi katika nyumba ile, na Dorah asingeandika "ndugu yake mpendwa" kama Mwalimu asingewafundisha kwamba tangazo la kifo lazima litaje ndugu. Bwire alilisoma neno hilo huko upande wa Kenya, akavuka mpaka akilia kwa sauti, na wakati wengine wanaruka ua, yeye alikuwa amekaa chini analia bado: "Sasa nitamwambia nani habari ya pembe?"

Akainua kichwa, akamwona kaka yake. Akamshika mkono, akaupapasa kama una joto. Kisha akafuta machozi. "Kumbe upo," akasema. "Basi sikiliza. Ile pembe ilivunjika yenyewe."

"Pembe haivunjiki yenyewe, Bwire. Si kikombe!"

Wakabishana mpaka jioni, wakila sahani moja. Waombolezaji walirudi kidogo kidogo, na kwa kuwa kuni za msiba kwetu hazirudishwi nyumbani, zililetwa shuleni, na darasa la kwanza likanywa uji wa msiba ule muhula mzima.

Jumanne kamati ikakaa. Mzee Okochi alikuwa na hasira ya haki. "Nimezikwa na darasa la sita," alisema. "Shule nyingine zinafelisha watoto. Hii yetu inaua wazee." Akataka blogu ifungwe siku ile ile. Mwalimu Nasirumbi hakujitetea. Alisema kosa ni lake, alitegemea neno moja lililokaa juu, hakufikiria mkono utakaolikata. Lakini aliyeandika vibaya dawa yake ni kuandika vizuri, akasema, si kunyang'anywa kalamu. Akaomba leja yangu. Chini ya ule mstari wa 2017 akaandika: Blogu hii iko mikononi mwangu. Kosa lake ni kosa langu. Mwenyekiti akachukua kalamu nyekundu, akaongeza: Siku ya kustaafu kwake, akikosekana mtu wa kuipokea kwa sahihi, ifutwe.

Wiki hiyo watoto wakajifunza kukanusha habari. Chapisho lao, "Mzee Okochi Yupo Hai na Amekula Leo Mchana," lilisomwa kuliko yote tangu blogu ianze. Maoni ya kwanza yalitoka kwa Bwire: "Nimefurahi uko hai. Pembe sikuivunja mimi." Dorah akamsomea babu yake. Babu akaamuru ajibiwe. Tangu siku hiyo, kila Jumamosi, wazee hawa wawili wamekuwa wakiigombea ile pembe kwenye blogu ya darasa la sita, bila kukosa hata wiki moja, kwa heshima na kwa vituo, maana Mwalimu anawasahihisha. Na kwa kuwa yeye haachi kitu kipotee, aligeuza ugomvi huo kuwa somo la mdahalo. Watoto wakapanga hoja za Okochi upande huu na za Bwire upande ule, wakadai ushahidi, wakaenda kulipima fuvu la fahali. Mwaka jana walishika nafasi ya kwanza katika mdahalo wa shule za hapa kwetu. Mzee Okochi mwenyewe amenunua simu. Anasoma polepole, kidole kwenye kioo, lakini anasoma.

Sasa, mstaafu hukabidhi kila kitu alichotia sahihi. Ndiyo sheria ya stoo. Mwezi uliopita Mwalimu akaanza kurudisha: ramani, rula kubwa, dunia ya plastiki iliyokosa ncha ya kusini. Ikabaki blogu, na ile kalamu nyekundu chini yake. Alimwendea kila mwalimu. Mmoja alisema ana mtoto mchanga. Mmoja alisema yeye ni wa hesabu. Oboth, kijana wetu wa Kiswahili, alisema kufundisha nayo atafundisha kwa moyo wote, lakini kusaini hapana, hataki kuzika mtu akiwa bado hajaoa. Bwana Opendi alikumbuka mkutano. Mimi nilikuwa tayari, kalamu mkononi, lakini mtunza stoo haruhusiwi kujikabidhi kitu. Sheria hiyo iliwekwa baada ya jambo la sukari, ambalo leo si siku yake.

Jumatatu aliwaambia watoto wanakili insha zao wanazozipenda kwenye madaftari, kwa sababu Ijumaa blogu itafutwa. Watoto wakafungua madaftari, wakaandika. Baadaye nilipita na funguo, nikamkuta anafuta vumbi kwenye kompyuta kwa kitambaa chake. Kompyuta ilikuwa safi. Akaendelea kuifuta. Mimi niliyevuka jangwa na mikoko, nilirudi stoo nikahesabu mafagio.

Jumatano Mzee Okochi akaja na baiskeli yake, akataka leja. Nilijua amekuja kuifuta kwa mkono wake mwenyewe, nikachelewa kuipata, nikampa ya mwaka 2009. Akaisukuma. Nikampa yenyewe. Akasoma wino wake mwekundu kwa muda mrefu.

"Etyang," akasema, "nimemwuliza Bwire swali tangu Jumamosi, hajajibu. Mkifuta, atajibia wapi?"

Nikamwambia kuna simu, anaweza kumpigia.

"Kwenye simu atakata. Hapo hawezi kukata, watoto wanasoma." Akaomba kalamu nyeusi. Chini ya nyekundu yake akaandika, herufi moja moja: Nimeipokea mimi, Okochi, niliyekufa. Kosa lake ni kosa langu.

Aliweka sharti moja. Tangazo la kifo chake lisifutwe kamwe. Hata ndugu zake hawakuwahi kumsemea maneno mazuri vile, na siku yenyewe ikifika kazi itakuwa ya kubadilisha tarehe tu. Ila parekebishwe mahali pamoja: ng'ombe ni wanne.

Mwalimu alipoitwa kuona, alisoma mara mbili, akavua miwani. Kisha akaniomba kalamu, akaongeza kituo kilichokosekana.

Jioni ile ile Bwire akaandika kwenye blogu: "Nimesikia umeipokea. Angalia isije ikarudi na pembe moja." Mzee Okochi anasema hayo ni maungamo na yatajadiliwa Jumamosi. Kwa hiyo mnaona, ndugu zangu, kama mimi nisingeiandika blogu kwenye leja mwaka 2017, ingekabidhiwa vipi? Shukrani zenu nitazipokea mlangoni, baada ya chakula.

Mwalimu Nasirumbi, umerudisha vyote, na stoo haikudai hata chaki. Asante kwa watoto wa pande zote mbili za mpaka, kwa wazazi waliojifunza kuuliza, kwa wazee wawili wanaogombana tena kama ndugu. Ukapumzike kwenye shamba lako, ukale ulichopanda, afya ikukumbatie. Ombi langu ni dogo. Februari shule ikifunguliwa, saa moja kasoro robo, pita tu pale kwenye mpera na mwavuli wako, hata kama unakwenda zako dukani. Mimi nitapiga kengele.